Fomu Mpya Haimsaidii Mtu Kama ya Zamani Bado Iko Mezani

Ukifika kliniki na mtoto mgonjwa, huangalii karatasi. Unaangalia foleni, unaangalia uso wa daktari, unaangalia kama dawa ipo. Ni haki yako. Lakini leo naomba uangalie mahali ambapo wengi wetu hatupaangalii kabisa: sehemu ya chini ya fomu anayoijaza sista. Pale huwa pameandikwa kwa herufi ndogo namba ya toleo, pamoja na mwezi na mwaka fomu hiyo ilipotolewa. Herufi hizo ndogo zinaweza kuamua kama mtoto wako ataandikishwa kwenye lishe ya tiba au atarudishwa nyumbani.

Siyasemi haya kwa kusikia.

Mwaka 2011 nilikuwa karani wa takwimu katika kliniki moja ya kambi, si hapa Juba. Sitaitaja, kwa sababu kosa lilikuwa letu sote. Siku moja mama mmoja alimleta mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Mhudumu alimzungushia utepe kwenye mkono wa kushoto, akasoma sentimita 11.2, akaandika. Kisha akaangalia fomu. Fomu ilisema kwamba mtoto mwenye kipimo cha chini ya 11.0 aandikishwe kwenye lishe ya tiba. Mtoto huyu alikuwa na 11.2, na utepe wetu ulikuwa wa namba tu, hauna rangi. Mama akaambiwa hali ya mtoto si mbaya sana, arudi siku ya mgao wa unga wa lishe. Akaondoka na mtoto mgongoni.

Baada ya wiki 3 alirudi. Miguu yote miwili ya mtoto ilikuwa imevimba. Alilazwa, na tunamshukuru Mungu alipona. Lakini wiki zile 3 hazikupaswa kuwepo. Miaka miwili kabla ya siku ile, mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF walikuwa wametoa tamko la pamoja: mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 mwenye mkono wa chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali na anahitaji tiba. Kiwango kilipandishwa kutoka 11.0 hadi 11.5. Ni tofauti ya nusu sentimita, lakini katika nusu sentimita hiyo wamo watoto wengi walio karibu na kifo.

Na jambo lililoniuma zaidi ni hili: ofisi yetu ilikuwa imeshabadilisha fomu. Fomu mpya ilikuwepo kwenye kompyuta, ina 11.5, imeandikwa vizuri. Ila haikuwa mezani kwa mhudumu.

KALIBU NA MATOFALI

Ili uelewe jinsi jambo hili linavyotokea, nitakupa mfano unaoujua. Ukienda ukingoni mwa Mto Nile hapa Juba utawaona vijana wanaofyatua matofali. Wana kalibu ya mbao. Udongo unaingia, kalibu inainuliwa, tofali linabaki. Tuseme leo tajiri anasema matofali yawe makubwa zaidi, na fundi anatengeneza kalibu mpya. Je, yale matofali ya jana yaliyoanikwa juani yatakua? Hayatakua. Na yale yaliyokwisha kujengewa ukuta je? Hayo ndiyo kabisa.

Fomu nayo ina kalibu yake. Ofisini inaitwa kiolezo. Ni faili moja ndani ya kompyuta, na fomu nyingine zote hutolewa humo. Mashirika mengi siku hizi huviweka violezo katika folda moja ya pamoja kwenye mtandao, ili kliniki zote zichukue fomu kutoka mahali pamoja. Ni mpango mzuri. Lakini wakubwa wengi hudhani kwamba wakibadilisha kiolezo ndani ya folda ile, fomu zote zilizoko nje zitabadilika. Sivyo. Kiolezo kikibadilika, kinachobadilika ni fomu zitakazotolewa humo kuanzia hapo. Zilizokwisha kutolewa zinabaki vilevile, ziwe kwenye kompyuta nyingine, kwenye flashi au kwenye karatasi.

TULIVYOLITAFUTA KOSA

Baada ya mtoto yule kulazwa, tulikaa siku nzima kutafuta fomu ya zamani ilitoka wapi. Tuliikuta mahali pengi kuliko tulivyotazamia. Nayaandika hapa kwa mpangilio, kwa sababu tangu wakati ule nimefanya kazi katika kliniki nyingine na mambo ni yale yale.

Kwanza, kompyuta ya mapokezi ilikuwa na nakala yake. Jenereta ilikuwa ikizimwa na mtandao kukatika kila mara, kwa hiyo karani alinakili fomu zote kwenye kompyuta yake ili kazi isisimame. Alifanya vizuri. Lakini tangu siku ile alikuwa akichapa kutoka kwenye nakala yake, wala hakuwa na sababu ya kufungua tena folda ya pamoja.

Pili, ndani ya folda yenyewe kulikuwa na mafaili manne ya fomu ile ile. Moja liliitwa "fomu mpya", la pili "fomu mpya ya mwisho", la tatu "fomu mpya ya mwisho kabisa", la nne lilikuwa na tarehe tu. Ukimwambia mtu achukue fomu mpya kutoka hapo, atachukua lolote.

Tatu, aliyerekebisha fomu alikuwa ameihifadhi kama rasimu. Yeye akifungua aliona 11.5. Wengine wakifungua waliona 11.0, kwa sababu mtandao ulikuwa bado unawaonyesha toleo lililoidhinishwa la zamani. Watu wawili walitazama faili la jina moja, kila mmoja akaona kitu chake, na kila mmoja akaapa kwamba mwenzake hajui kusoma.

Nne, stoo ilikuwa na maboksi ya fomu zilizochapwa. Mtunza stoo aliagizwa asipoteze karatasi, naye akatii. Aliendelea kugawa za zamani mpaka ziishe, kama anavyofanya na sabuni.

Tano, wahudumu wa afya wa jamii walikuwa na vitabu vyao vya kutembelea nyumba kwa nyumba. Vitabu vile havikutoka kwenye kompyuta yetu. Vilitolewa fotokopi kutoka kwenye fotokopi nyingine, mpaka mstari wa chini wenye namba ya toleo ulikuwa umekatika. Hakuna aliyeweza kujua ni vya mwaka gani.

Ndugu msomaji, hesabu watu hao. Karani, mtengenezaji wa fomu, mtunza stoo, mhudumu wa jamii. Kila mmoja alifanya kazi yake kwa uaminifu, na bado mtoto alirudishwa nyumbani. Ndiyo maana sikubaliani na wale ambao kosa kama hili likitokea hukimbilia kumfukuza mtu. Ukimfukuza karani na nakala ikabaki kwenye kompyuta, karani mpya atachapa fomu ile ile.

SI KIPIMO CHA MKONO PEKE YAKE

Huenda unasema: hayo ni ya zamani, sasa kila mtu anajua 11.5. Ni kweli, na tepe nyingi za sasa zina rangi nyekundu, njano na kijani. Lakini elimu ya tiba haisimami, na kila inaposogea, fomu fulani inachakaa.

Mwaka 2006 WHO ilitoa viwango vipya vya ukuaji wa mtoto. Vile vya zamani vilitokana na watoto wa Marekani pekee. Vipya vilitokana na watoto wa nchi 6: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, waliolelewa kwa maziwa ya mama na matunzo mazuri. Uzito ule ule wa mtoto ukiuweka kwenye mchoro wa zamani na kwenye mchoro mpya, unaweza kupata majibu mawili tofauti.

Kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI, zamani fomu iliuliza kwanza idadi ya CD4 kabla ya kumpa ARV. Mwaka 2010 WHO ilisema aanze akiwa na 350 au chini yake. Mwaka 2013 ikasema 500. Mwaka 2015 ikasema kila mwenye virusi aanze dawa bila kusubiri kushuka kwa namba hiyo. Fikiria fomu ya mwaka 2010 ikibaki mezani. Inamwambia mgonjwa arudi nyumbani asubiri mpaka kinga yake ishuke.

Kwa mama mjamzito, kadi za zamani nyingi zina mistari 4 ya mahudhurio. Mwaka 2016 WHO ilishauri mjamzito akutane na mhudumu angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Kadi ya mistari 4 ikijaa, mama huambiwa, au hujiambia mwenyewe, kwamba amemaliza. Hajamaliza. Karatasi ndiyo iliyomaliza.

Na hapa kwetu Sudan Kusini, Julai 2024 chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto wadogo katika kaunti zilizochaguliwa. Ina dozi 4. Kadi iliyochapwa kabla ya hapo haina mahali pa kuziandika. Sista mwenye huruma ataandika pembeni kwa kalamu. Sista wa kliniki ya pili hatapaona pembeni. Mtoto atarudiwa dozi, au dozi itarukwa.

KWA NINI SISI WA KAMBI TUNAUMIA ZAIDI

Mtu anayekaa kijiji kimoja maisha yake yote ana kliniki moja na kadi moja. Sisi si hivyo. Tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, kambi ya Gorom hapa karibu na Juba imepokea watu wengi waliotoka huko. Wapo waliopitia Kakuma, wapo waliorudi kutoka Uganda, wapo waliotoka Kongo. Ndiyo maana hata Kiswahili hiki tunakisoma hapa. Katika mfuko mmoja wa plastiki mama anaweza kuwa na kadi za nchi tatu, kila moja na mistari yake, kila moja na lugha yake. Mhudumu wa huku hawezi kukisia. Fomu yake mwenyewe ikiwa haijulikani ni ya mwaka gani, atazipatanishaje hizo tatu?

MAONI YANGU

Maoni yangu ni mafupi. Mabadiliko ya fomu hayaishi siku faili jipya linapohifadhiwa kwenye kompyuta. Yanaisha siku karatasi ya mwisho ya zamani inapoondolewa kwenye meza ya mwisho. Shirika linalotuma barua pepe kusema "tumebadilisha fomu" na kuishia hapo, limefanya nusu ya kazi, na hiyo ndiyo nusu rahisi.

Nusu iliyobaki haihitaji fedha nyingi. Inahitaji utaratibu:

1. Fomu moja iwe na faili moja na jina moja. Matoleo ya zamani yahamishwe kwenye folda ya kumbukumbu, na yafungwe yasiweze kuchapwa kwa bahati mbaya.

2. Kila ukurasa uwe na namba ya toleo na tarehe, viandikwe kwa herufi zinazosomeka, na viwekwe juu ya ukurasa mahali ambapo fotokopi haitapakata.

3. Awepo mtu mmoja anayehusika, si kamati. Kabla ya kutangaza, aifungue fomu kwa kutumia kompyuta ya mtu mwingine, si ya kwake, ahakikishe toleo jipya ndilo linaloonekana.

4. Siku ya kubadilisha itangazwe. Siku hiyo kila kliniki ilete fomu moja iliyochapwa kwenye kompyuta yake na moja kutoka stoo. Zisizolingana zitaonekana hapo hapo.

5. Fomu tupu za zamani zikusanywe, zihesabiwe na kukatwa katikati. Wahudumu wa jamii wapewe vitabu vyao siku ile ile, si mwezi unaofuata.

Najua kuna watakaosema karatasi ni ghali, na kuzikata ni hasara wakati hata madaftari ya shule hayatoshi. Nawaelewa. Upande wa nyuma wa fomu tupu zilizokatwa upelekwe shuleni, watoto wafanyie hesabu. Lakini usiniambie kwamba boksi la karatasi lina thamani kuliko wiki 3 za mtoto yule.

Wengine watasema tuachane na karatasi, kila kitu kiwe kwenye simu na kompyuta. Nami napenda siku hiyo ifike. Lakini umeona mwenyewe kwamba makosa matatu kati ya yale matano yalianzia ndani ya kompyuta. Simu ambayo haijapata mtandao kwa mwezi mmoja itaendelea kuonyesha fomu ya mwezi uliopita. Chombo kikiwa kipya na utaratibu ukawa wa zamani, kosa litabaki pale pale.

NAWE UNAWEZA KUFANYA NINI?

Usidhani jambo hili ni la ofisi peke yake. Wewe ndiye unayeziona kliniki zote, kadi zote na wahudumu wote. Mkubwa wa ofisi anaiona kompyuta yake tu. Kwa hiyo:

Usitupe kadi ya zamani iliyojazwa. Hapa wengi wanakosea. Fomu tupu ya zamani ni ya kuondolewa, lakini kadi iliyokwisha kuandikwa chanjo za mtoto wako ni ushahidi. Ukipewa kadi mpya, omba yaliyomo yahamishiwe mbele yako, kisha uzitunze zote mbili pamoja.

Ukipimiwa mtoto mkono, omba namba. Usiridhike na kuambiwa "ni mzima" au "ni njano". Uliza: "Sista, ni sentimita ngapi?" Namba ikiwa chini ya 11.5, uliza lini anaanza tiba. Na mtoto mwenye miguu yote miwili iliyovimba apelekwe kliniki siku hiyo hiyo, hata kama utepe unaonyesha kijani.

Ukiambiwa umemaliza, uliza. Mama mjamzito, mistari ya kadi ikijaa na mtoto bado yuko tumboni, mwambie mkunga: "Samahani, kadi imejaa, nirudi lini?" Hilo si swali la utovu wa adabu.

Chanjo ikiandikwa pembeni ya kadi, ionyeshe kila unapofika. Weka kidole pale na useme: "Na hii hapa pia alipata."

Ukiona fomu mbili tofauti za kazi moja, mpe taarifa kiongozi wa bloku yako au mhudumu wa afya wa jamii. Huhitaji kujua ipi ni sahihi. Kujua kwamba zinatofautiana kunatosha kuanzisha ukaguzi.

Jambo la mwisho ni muhimu kuliko yote. Usikatae matibabu kwa sababu ya karatasi. Mtu asije akasoma maneno haya kisha akagombana na sista na kumrudisha mtoto nyumbani bila dawa. Pokea huduma kwanza, uliza ukiwa umekwisha kuipokea. Na uulize kwa heshima, kwa sababu mara nyingi sista mwenyewe hajui kwamba fomu yake ni ya zamani. Amepewa na stoo, kama wewe unavyopewa mgao.

Nimemkumbuka mama yule mara nyingi. Siku ile ya kwanza hakuuliza lolote, na nisingetegemea aulize. Aliamini kwamba kilichoandikwa na daktari kwenye karatasi ni sahihi. Imani hiyo ni deni kwetu sisi wa ofisini, na tutalilipa kwa kuhakikisha kwamba karatasi iliyoko mezani ni ile iliyo sahihi. Wewe tusaidie kwa kuangalia pale chini, kwenye herufi ndogo, kesho utakapokuja kliniki.